Bustani ya Nyumbani Katika Mvua za Kwanza

Katika nchi ya Songea mvua huanza kunyesha kwa nguvu kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, nazo huendelea mpaka Aprili. Huku kwetu hatuna misimu miwili ya mvua, vuli na masika, kama watu wa pwani na wa kaskazini. Tuna msimu mmoja tu, wenye mvua ya karibu milimita 1,100, na mahindi ya mwaka mzima hutegemea msimu huo. Kwa hiyo zikifika mvua za kwanza kila mwenye jembe huenda shambani, na nyumba hubaki na wazee na kuku. Hapana anayeweza kuwalaumu wakulima kwa haraka hiyo, maana mahindi yaliyochelewa kupandwa hupungua sana. Lakini katika wiki hizo hizo iko kazi ya pili ambayo huachwa, nayo ni kazi ya bustani iliyo karibu na nyumba. Maoni yangu ni kwamba kuiacha kazi hiyo ni hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani, na kwamba mwenye nyumba hana budi kuipa siku zake, kama anavyolipa shamba la mahindi siku zake.

Tazama kwanza hesabu ya miezi. Mahindi yaliyopandwa mwanzo wa Desemba hayakauki ila mwezi wa Mei au Juni, na mabichi ya kuchoma hayaonekani kabla ya Machi. Ghala iliyojazwa mwaka uliopita imekwisha kupungua. Sehemu imeuzwa kulipia ada na mbolea, na sehemu imeliwa. Basi Desemba, Januari na Februari ndiyo miezi ya kazi ngumu kuliko yote, yaani kupanda, kupalilia na kuweka mbolea, na ndiyo miezi ambayo sahani ina ugali mwingi na kitoweo kidogo. Lakini mchicha uliosiwa wiki ya kwanza ya Desemba huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, yaani karibu na Mwaka Mpya. Majani ya kunde nayo hayachelewi zaidi ya hapo, na majani ya maboga hufuata baada ya siku chache. Hapana mmea mwingine katika shamba zima unaomlipa mkulima upesi namna hii, tena wakati ule ule anapohitaji kulipwa.

Mtu aweza kusema, "Songea hakuna njaa." Ni kweli. Mkoa wa Ruvuma ni mmoja wa mikoa inayolisha Tanzania, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi mengi kutoka kwetu. Lakini liko jambo la kustaajabisha. Utafiti wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Ruvuma zaidi ya theluthi moja ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Katika mikoa mingine yenye mahindi mengi hali ilikuwa mbaya zaidi. Iringa walikuwa zaidi ya nusu, na Njombe na Rukwa walikuwa kiasi cha nusu. Kwa nchi nzima walikuwa 30 katika kila 100. Yaani mikoa ile ile inayosifiwa kwa magunia ndiyo iliyokuwa na watoto wafupi kuliko mikoa mingine mingi isiyo na magunia.

Udumavu una sababu nyingi: kuhara, maji machafu, mama mwenye kazi kupita kiasi, mtoto kulishwa mara mbili kwa siku badala ya mara nne, uji mtupu usiotiwa karanga wala maziwa. Mboga peke yake haiwezi kuyaondoa yote hayo, na anayesema kwamba mchicha ni dawa ya udumavu adanganya. Hata hivyo majani mabichi ya rangi iliyokolea yana madini ya chuma na vitamini A, ambavyo ugali mweupe wa sembe karibu hauna. Tena karanga na maharage ambayo mtoto angepewa hupandwa na mikono ile ile, nayo hupuuzwa kwa sababu ile ile: kila kitu kisichopimwa kwa gunia chaonekana kuwa si kilimo.

Na kuona huko kuna asili yake. Mazao makubwa ya nchi hii yalipata watu wa kuyasemea tangu zamani. Tumbaku ya Wangoni na kahawa ya Wamatengo zilikuwa na chama chao cha ushirika, ambacho watu wakikiita NGOMAT, tangu mwaka 1936, chenye mizani, maghala na vitabu vya hesabu. Mahindi yalipata wanunuzi wa serikali, na tangu msimu wa 2022/2023 wakulima walioandikishwa wamenunua mbolea kwa bei ya ruzuku. Bustani ya nyumbani haikupata mizani wala daftari. Mboga zake huenda chunguni moja kwa moja, hazipiti mnadani, basi hakuna anayeziandika. Mwenye bustani ni mama, na mama hana mkutano wa kuizungumzia. Sisemi kwamba chama cha ushirika kiundwe kwa ajili ya mchicha. Nasema tu kwamba thamani ya kitu isipimwe kwa kuwa kimepita mizanini.

Najua jibu la wakulima wengi, maana nimelisikia mara nyingi: mwezi wa Desemba hakuna nafasi. Hebu tulipime jibu hilo. Bustani ninayoisema ni matuta sita tu, kila moja lenye upana wa mita moja na urefu wa mita tano. Eneo lote pamoja na njia zake halizidi ua wa nyumba ya kawaida. Kulilima kwataka asubuhi mbili, na kazi hiyo yaweza kufanywa mwezi wa Oktoba au Novemba kabla ya mvua, wakati mashamba yanasubiri. Baada ya hapo bustani yataka saa moja ya jioni, mara tatu kwa wiki. Tena shule hufungwa mwezi wa Desemba, na watoto wako nyumbani. Mtoto wa miaka kumi aweza kung'oa magugu, kukamata viwavi na kufukuza kuku. Asiyepata saa tatu kwa wiki kwa ajili ya kitoweo cha nyumba yake, na afikiri tena juu ya saa anazotumia kilabuni.

Jambo lililo gumu zaidi ni nani afanye nini. Katika nyumba nyingi mama hupanda mahindi pamoja na mumewe tangu alfajiri, kisha hurudi kuteka maji, kutafuta kuni, kupika na kunyonyesha. Na baada ya hayo bustani nayo huhesabiwa kuwa yake. Bustani ya namna hiyo hufa kabla ya Januari, wala si kwa uvivu wa mama. Kazi nzito za bustani, yaani kubeba samadi, kuinua matuta na kujenga ua, zafaa kufanywa na mwanamume, tena kabla ya mvua. Watu wa Umatengo, upande wa Mbinga, wana desturi nzuri katika kilimo chao cha ngolo: mwanamume hufyeka majani na kuyapanga chini mistari ya miraba, na mwanamke huyafukia kwa udongo na kupanda maharage. Kila mmoja ana sehemu yake, na kazi haimwangukii mmoja. Sioni kwa nini desturi ya mlimani isiweze kufuatwa uani.

Sasa nitasema juu ya mimea yenyewe, maana hapa ndipo watu wenye bidii hupata hasara. Wengi wakisikia neno bustani huwaza nyanya na kabichi. Hununua mbegu mjini, husia mwezi wa Novemba, na huhamisha miche mvua zikiwa zimekolea. Kwa wiki nne mimea hupendeza sana. Kisha mwezi wa Januari, katika siku za mawingu na ukungu wa asubuhi, majani ya nyanya hupata mabaka meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, shina huwa jeusi, na shamba zima huanguka kwa muda wa wiki moja. Huo ni ugonjwa wa bakajani chelewa, nao hupenda unyevu na baridi kidogo, yaani hali yenyewe ya Songea katika mvua, maana mji wetu uko juu kiasi cha mita 1,100. Iko dawa ya kuuzuia, lakini huoshwa na mvua na yataka kurudiwa mara kwa mara, na gharama yake haifai kwa bustani ya chungu. Kabichi nayo hupasuka na kuoza moyo. Basi mtu huyo husema, "Bustani haifai huku kwetu," kumbe amepanda mimea ya kiangazi katika masika.

Mimea ya mvua za kwanza ni ile ambayo bibi zetu waliijua. Mchicha huja mbele. Halafu majani ya maboga, ambayo hayataki tuta. Shimo moja lenye samadi kando ya ua latosha, na mtambo wake hutambaa juu ya fito. Chuma ncha za matawi, lakini uache shina kuu, la sivyo hutapata boga. Kunde zasiwa ili zichumwe majani kabla ya kutoa maua, na mashina machache yaachwe yazae. Mnavu hustahimili mvua vizuri na hurudi kila ukikatwa. Mgagani wapenda joto na hauvumilii maji yaliyotuama, kwa hiyo upandwe sehemu ya juu ya bustani. Matembele hupandwa kwa vipande vya mitambo kutoka mabondeni, na ukipata ile mbegu ya viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, viitwavyo viazi lishe, utachuma majani baada ya wiki sita na kuchimba viazi vyenye vitamini A baadaye. Chainizi si mbaya katika wiki za kwanza, lakini mvua kubwa huiozesha, usiitegemee.

Hapa sina budi kutia neno moja. Iko desturi mbaya ya kuiita mimea hii mboga za maskini, na kumwekea mgeni kabichi kwa heshima. Kunde na mgagani ni mimea ya asili ya Afrika, imezoea udongo na wadudu wa Afrika kwa miaka isiyohesabika. Kabichi ni mboga ya nchi za baridi, nayo ina maji mengi. Mgeni aliyepewa mnavu uliotiwa karanga hakudharauliwa.

Juu ya matuta, kosa la kawaida ni kulima bustani ya mvua kama bustani ya kiangazi. Wakati wa kiangazi twachimba vishimo na matuta ya kuzama ili maji yakae. Katika mvua ni kinyume chake. Tuta liinuliwe kiasi cha shubiri moja, juu liwe bapa, na likatize mteremko, lisifuate mteremko. Mvua ya Desemba hushuka kwa nguvu juu ya ardhi iliyo wazi bado, na vilima vya Songea hutiririsha maji upesi. Tuta lililoelekea bondeni huwa mfereji, na mbegu za mchicha, ambazo ni ndogo kama vumbi, huenda zikaota kwa jirani. Chini ya tuta fukia nyasi kavu kama wafanyavyo Wamatengo. Hushika maji, na huoza na kuwa mbolea.

Samadi iwe imeoza. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi. Anayetaka kupanda Desemba achimbe shimo la mboji mwezi wa Agosti, atie samadi, majani, maganda na majivu ya jikoni, na kulifunika. Debe moja la samadi iliyooza latosha kwa tuta moja la vipimo nilivyovitaja, na madebe sita kwa bustani nzima. Mwenye mbuzi watatu anayo samadi hiyo. Asiye na mbuzi aweza kuipata kwa jirani kwa kubadilishana na kazi ya siku moja.

Mbegu za mchicha changanya na mchanga mkavu ili zienee sawasawa, sia katika mistari iliyoachana kiasi cha shubiri moja, fukia kidogo tu, kisha tandaza nyasi nyepesi juu yake ili matone makubwa yasipigilie udongo. Siku ya nne au ya tano chungulia. Ukiona miche imeanza kutoka, ondoa nyasi jioni ile ile; ukichelewa miche hurefuka kama nyuzi na kulala. Tena usisie matuta yote sita kwa siku moja. Sia mawili sasa, mawili baada ya siku kumi na mbili, na mawili mengine baada ya hapo. Nimeona bustani nyingi zenye mboga za kugawia kijiji kizima katika wiki moja ya Januari, na mwezi wa Februari hazina hata jani la kuweka chunguni.

Miche ina maadui wake. Ikiwa imebanana mno na udongo umelowa, shina hunyauka penye usawa wa ardhi na miche huanguka mabaka mabaka. Huo huitwa kinyausi. Dawa yake ni kupunguza miche mapema, na ile iliyopunguzwa huliwa. Adui mwingine ni sota, kiwavi mnene wa rangi ya udongo, ambaye hukata miche usiku na kujificha mchana. Asubuhi ukiona mche umelala umekatwa, usihangaike na majani yake. Chokoa udongo kuzunguka shina kwa kijiti, kina cha vidole viwili, utamkuta amejikunja. Mtoto mwenye kijiti na kopo huokoa tuta zima kabla ya kunywa uji. Vidukari wa kunde hupungua ukiwapiga kwa maji yenye sabuni kidogo au kunyunyiza majivu makavu asubuhi penye umande.

Sasa nasema jambo ambalo nalihofia kuliko sota na ukungu. Tangu mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia katika mahindi ya Tanzania, na kabla yao, mwaka 2014, aligunduliwa kanitangaze wa nyanya, mdudu aliyetoka Amerika ya Kusini. Kwa sababu yao dawa za kunyunyiza zimeenea hata katika nyumba ambazo zamani hazikujua bomba. Mwisho wa siku bomba hubaki na dawa kidogo, na mwenye bomba, akiona mchicha wake una matundu, huumalizia humo. Ndugu mkulima, hindi hulindwa na maganda, nalo huliwa miezi mingi baada ya kunyunyizwa. Mchicha huliwa kesho kutwa, na sehemu iliyonyunyizwa ndiyo iliyotiwa chunguni. Kila dawa ina idadi ya siku zilizoandikwa chupani ambazo mtu asichume kabla hazijapita, na kwa dawa nyingi siku hizo ni zaidi ya nafasi iliyopo kati ya uchumaji mmoja na mwingine. Basi dawa ya mahindi isiingie katika bustani ya majani. Vivyo hivyo dawa ya tumbaku, na ile ya unga ya kuhifadhia nafaka. Jani lenye tundu halimdhuru mtu. Pia anayeuza mboga sokoni Songea mjini ana wajibu ule ule, ingawa mnunuzi hamwoni akinyunyiza.

Nimetaja tumbaku, na wakulima wa Namtumbo na wa Songea vijijini wanaoilima na wasikilize neno hili. Tumbaku, nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mviringo na mnavu ni ukoo mmoja, na magonjwa ya mmoja huambukiza wengine. Mnyauko unaotokana na bakteria hukaa ardhini miaka mingi. Mmea huonekana umenyauka mchana ungali kijani, na shina lake likikatwa na kutiwa katika glasi ya maji safi hutoa uzi mweupe kama maziwa. Penye alama hiyo usipande mmea wo wote wa ukoo huo, bali panda kunde, mahindi au mchicha kwa misimu kadhaa. Ugonjwa wa majani kuwa na madoadoa ya kijani na manjano huenezwa kwa mikono. Anayetoka kushika tumbaku au kuvuta sigara anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche ya nyanya au pilipili.

Adui wa mwisho ni yule anayejulikana na wote, yaani kuku. Kuku watano wakiachwa asubuhi moja hufukua kazi ya wiki tatu, na mbuzi wa jirani humaliza kilichobaki. Mara nyingi mambo haya hufika kwa mtendaji wa kijiji, maneno makali husemwa, na majirani hawasalimiani mpaka mavuno. Ni kweli kwamba mwenye mbuzi ana wajibu wa kumfunga wakati wa mazao. Lakini aliyeshinda kesi hapati mchicha wake. Ua wa mianzi au wa matete, wenye urefu wa kifua na wenye mlango unaofungwa, hujengwa kwa siku moja na hudumu misimu miwili. Mwanamume asiyetaka kabisa kushika jembe la bustani, angalau na ajenge ua.

Wako watakaosema kwamba hata bila bustani twapata mboga porini. Ni kweli kwamba msitu wetu wa miombo ni mkarimu katika miezi hii. Masuku huiva wakati huu, na wauzaji huyapanga kando ya barabara. Uyoga huota baada ya mvua za kwanza, na kina mama huondoka alfajiri kuutafuta. Maembe nayo yameiva, na mtoto mwenye embe mkononi anakula vitamini A bila kuambiwa. Mambo haya yote ni mema, wala sitaki yaachwe. Lakini kila mwaka mashamba husogea, mkaa huchomwa, na safari ya kwenda kwenye uyoga huwa ndefu zaidi. Zaidi ya hayo uyoga huhitaji mjuzi, na wajuzi wanazeeka.

Juu ya upishi nitasema machache, maana kina mama wanajua kuliko mimi. Mchicha usichemshwe muda mrefu na maji yake kumwagwa, kwani sehemu ya wema wake huenda na maji hayo. Utiwe mafuta kidogo au karanga, kwa sababu vitamini A haiingii vizuri mwilini pasipo mafuta. Kisamvu ndicho kisichofuata kanuni hii. Hicho hutwangwa na kuchemshwa sana ili sumu yake itoke. Na mtoto aliyeanza kula apewe majani yaliyopondwa ndani ya uji au ugali wake. Mchuzi peke yake haumtoshi.

Ikifika Machi kazi hubadilika. Mahindi mabichi yameanza kuonekana, mvua zinakaribia kupungua, na mashina ya mchicha yamekuwa magumu. Huu ndio wakati wa yule anayetamani nyanya na kabichi. Asie kitaluni mwisho wa Machi chini ya kichanja cha nyasi, ahamishe miche mwisho wa Aprili au mwezi wa Mei mvua zikikatika, na matuta yale yale yaliyoinuliwa ayashushe ili yashike maji ya kumwagilia. Baridi ya Juni na Julai haiidhuru kabichi, na ukungu wa nyanya hupungua penye jua kavu, ingawa kanitangaze huzidi, na majani yaliyotobolewa yapasa kuchumwa na kufukiwa.

Kabla ya kung'oa mchicha wa zamani, chagua mashina matano yaliyo bora, yenye majani mapana na yaliyochelewa kutoa maua, uyafunge utambaa ili mtu asiyakate. Vishada vikianza kukauka vikate asubuhi, vianike kivulini juu ya karatasi, vipukuse na upepete. Mbegu zikikauka kabisa zitie katika chupa kavu yenye kizibo pamoja na majivu kidogo, uandike juu yake jina la mboga na mwezi, na uiweke mahali pasipo joto mpaka Novemba.